Nani Ampe Kadhi Kalamu?

Shamba lenyewe ni ekari nane za mpunga, ng'ambo ya mto Kilombero, kule ambako msimu ukiingia watu huhamia madunguni na watoto hushinda kutwa wakifukuza ndege. Mume wa shangazi yangu alipofariki aliacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake walikwishatangulia. Katika elimu ya mirathi hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo. Madeni yakishalipwa, mjane ana thumni, yaani ekari moja. Zinabaki saba, mafungu saba: kila mwana wa kiume mawili, kila binti moja. Maalim aliimaliza kwa vidole, kahawa haijapoa. Lakini huu ni mwaka wa pili, na ekari zote nane analima mtoto mkubwa wa kiume.

Hesabu haina mgogoro. Kinachokosekana ni wa kuitekeleza, na juu ya hilo tulikaa barazani kwa shangazi, hapa Ifakara, tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Majina nayaacha. Maalim amefundisha madrasa mjini hapa tangu mimi sijaijua alifu. Karani amestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo. Ni Mkatoliki, kama walivyo wengi katika mji huu wa misheni na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na siku ya maziko alishika jembe akafukia kaburi la jirani yake pamoja na sisi. Mwanafunzi anasoma sheria Dar es Salaam, amekuja likizo kwa treni ya TAZARA. Shangazi alikaa mlangoni na ungo wake, akichagua chenga na kokoto kwenye mchele wa kuuza.

MAALIM: Hesabu niliitoa siku ya arobaini, ukoo mzima umekaa. Hakuna aliyepinga. Huyo mkubwa mwenyewe aliitikia, "Sawa, Maalim." Msimu ukaingia, akaleta trekta, akalima zote. Nimfanye nini? Elimu ninayo, mashahidi ninao, mkono sina. Zamani kadhi alikuwa na mkono. Msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu aliwakuta watu wamekaa mlangoni kwa mtawala siku ya Jumamosi, wenye mashtaka. Yaliyohusu sheria ya dini aliyaamua kadhi. Mengine yalikwenda kwa mawaziri na maamiri. Shauri likihitaji kauli ya mtawala, aliandikiwa, naye alijibu nyuma ya karatasi ile ile. Miaka karibu mia saba iliyopita! Leo mjane wa Ifakara hana hata Jumamosi hiyo.

KARANI: Mkono upo, ndugu yangu, hamtaki kuushika. Mahakama ya mwanzo iko hapo. Sheria ya tangu 1961 inaruhusu mirathi na wakfu za Waislamu ziamuliwe kwa sheria ya Kiislamu. Hakimu huangalia marehemu aliishi vipi: aliswali? Alioa kwa nikahi? Amezikwa vipi? Akiridhika kwamba aliishi Kiislamu, mgawo unafuata Kurani. Mimi mwenye rozari mfukoni nimeandika neno "thumni" katika majalada mara zisizo na idadi.

MAALIM: Hicho ndicho kinachoniuma, na usione nakudharau. Uliandika thumni, lakini ulijua inapokuwa robo? Ulijua wake wakiwa wawili wanagawana thumni moja, hawapati kila mmoja yake? Ukadhi ni elimu ya maisha, si cheo cha kuhamishiwa leo Mahenge kesho Kilosa.

KARANI: Nilijua, kwa sababu nilikuja kukuuliza wewe. Umesahau?

Maalim alicheka, akamimina kahawa. Kweli alikuwa amesahau. Mimi sikulisahau neno hilo, nitalirudia.

MWANAFUNZI: Shikamooni tena, wazee wangu, maana sasa nitasema la kuwaudhi. Maalim anatusimulia habari za kadhi kana kwamba daima alifurahi kukaa pembeni mwa mtawala. Mbona tunasimuliwa Abu Hanifa aliukataa ukadhi wa khalifa al-Mansur akafungwa, na akafa Baghdad mwaka 767? Imamu mzima wa madhehebu anaona bora jela kuliko kiti.

MAALIM: Na mwanafunzi wake, Abu Yusuf?

MWANAFUNZI: Alikikubali.

MAALIM: Alikikubali! Akawa kadhi wa makadhi chini ya Harun al-Rashid, wa kwanza kuitwa hivyo. Mwalimu alikataa, mwanafunzi alikubali, na sote tunawaombea rehema wote wawili. Wala hakukaa kumsifu Harun tu. Alimwandikia kitabu cha kodi ya ardhi, akimweleza ni kipi halali kumtoza mkulima na kipi ni dhuluma. Angekaa nyumbani nani angemwambia khalifa maneno hayo?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona fikra za siasa katika Uislamu zimekuwa zikirudi kwa watu hawa wawili kila karne. Mtume alipofariki mwaka 632, Waislamu walibishana nani awaongoze kabla hata ya maziko. Khalifa alipatikana kwa bai'a, watu wakimpa mkono. Baadaye ukhalifa ukawa wa kurithishana nyumba kwa nyumba, kwa Bani Umayya kisha kwa Bani Abbas, na swali likageuka: ikiwa mtawala amekuja kwa upanga, sheria iko mikononi mwa nani? Mwaka 833 khalifa al-Ma'mun alijaribu kulijibu kwa nguvu. Aliwatahini wanazuoni kuhusu itikadi ya Kurani, na asiyekubali maneno ya serikali alipata tabu. Ahmad bin Hanbal alichapwa mijeledi zamani za khalifa aliyefuata, hakutikisika. Jaribio lile lilishindwa, na tangu hapo khalifa hakuweza kudai kwamba maana ya dini anaitunga yeye. Aliweza kumteua kadhi, kumlipa, kumfukuza. Sheria aliyohukumu nayo kadhi haikutoka kwake. Kwa maoni yangu huo ndio urithi mkubwa kuliko majumba ya Baghdad yote: hakimu anayelishwa na dola huku kitabu chake kimeandikwa mahali pengine.

Lakini Mwanafunzi hakuniacha niende mbali.

MWANAFUNZI: Baghdad mbali. Zanzibar hapo. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alikuwa mwanachuoni wa Kisunni. Seyyid Bargash, sultani wa Kiislamu, mwenzake wa kibla kimoja ila yeye Ibadhi, alimtia gerezani kwa ajili ya mafundisho yake. Alitoka Bargash alipofariki, mwaka 1888. Mwanawe, Sheikh al-Amin, ambaye mwaka 1932 alitoa gazeti la al-Islah pale Mombasa, akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Serikali gani? Ya Mwingereza! Baba kafungwa na Mwislamu, mwana kapewa kiti na Mkristo. Sasa nani rafiki wa kadhi?

KARANI: Na hapa bondeni je? Shangazi, mweleze. Wewe umesikia kwa wakubwa wako.

SHANGAZI: Bibi alikuwa akisema "akida" kama watu wanavyotaja ukoma. Akida kaja na kanzu, kaja na Kiswahili cha pwani, kaja na kodi. Nyuma yake askari. Watu wakaambiwa dini ndiyo hii. Nani angeipenda?

Shangazi ni Mmbunga, na maneno yake yana uzito wa mahali. Wajerumani walipoitwaa nchi waliikuta pwani ina vyeo vyake: liwali, ambaye ni wali wa sultani, akida, jumbe. Wakavichukua vyeo hivyo wakavipandisha bara, kule ambako sultani wa Unguja hakuwa na la kusema. Akida wa bondeni hakuwa na bai'a ya mtu, wala hakujibu kwa kadhi. Alijibu kwa bwana mkubwa wa bomani Mahenge. Agosti 1905 vita vya Majimaji vilipofika huku, Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma lile, tarehe 30, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Njaa iliyofuata iliua zaidi ya risasi. Ajabu ni kwamba miaka ya baada ya vita ndiyo Uislamu ulipoenea zaidi katika nchi hizi, kwa masheikh wa tarika, kwa maulidi, kwa wachuuzi na walimu wa Kurani wasio na askari nyuma yao.

MWANAFUNZI: Umeona? Cheo kilishindwa kuleta alicholeta mwalimu asiye na cheo.

MAALIM: Akida hakuwa kadhi, mwanangu. Usichanganye mtoza kodi na mwamuzi. Ukinionyesha jambazi aliyevaa joho la daktari, mimi sitafunga hospitali. Mahakama za maliwali zilikuwepo mpaka uhuru. Mwaka 1963 zikafutwa.

KARANI: Hazikufutwa peke yake. Mwaka ule ule machifu nao waliondolewa, na mabaraza yao. Nchi ilitaka mahakama moja kwa watu wote: Mmbunga, Mndamba, Mhindi mwenye duka, Padri. Na mimi nasema ilifanya vyema. Ungependa mwanao ashtakiwe mahakama tofauti na wangu kwa kosa moja?

MAALIM: Kwa wizi, hapana. Kwa ndoa na mirathi, ndiyo. Na serikali iliyosema haina dini mbona iliingia nyumbani mwetu? Mwaka 1968 Sheikh Hassan bin Ameir alirudishwa Zanzibar, Desemba Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ikapigwa marufuku, na mwezi huo huo BAKWATA, baraza kuu jipya la Waislamu, ikaundwa Iringa. Tuliambiwa mtaendesha mambo yenu wenyewe, huku tumeshachaguliwa njia.

KARANI: Sasa umenisaidia. Serikali iliyoweza kufanya hivyo bila kumteua kadhi, ukiipa haki ya kumteua itafanya nini? Katiba yetu, Ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini si kazi ya mamlaka ya nchi. Wewe unaiona ibara hiyo ni ukuta wa kukuzuia. Mimi naiona ni ukuta wa kukulinda.

Kimya kilipita. Shangazi alipeta ungo, makapi yakaruka na upepo. Nilimtazama Maalim, na nilijua ameguswa, kwa sababu hakujibu kwa hasira.

MAALIM: Huenda ni kweli. Lakini ukuta unaonilinda mimi haumlindi huyu mama. Mwaka 2005 chama tawala kiliiandika mahakama ya kadhi katika ilani. Tukangoja miaka kumi. Muswada ukafika bungeni, mapema 2015 ukaondolewa. Maaskofu walisema hivi, masheikh walisema vile, wanasiasa walitazama uchaguzi. Katika kelele zote hizo ulisikia mtu anamtaja mjane mwenye ekari moja?

MWANAFUNZI: Wakenya walifanya njia yao. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010: kadhi yumo ndani ya mahakama za nchi, analipwa na nchi, lakini mipaka yake ni hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na zote zimekubali kwenda kwake. Asiyetaka anakwenda mahakama nyingine. Chanzo chake ni cha pwani: mwaka 1963, ukanda uliokuwa wa sultani ulipoingia Kenya, makubaliano yalikuwa kwamba makadhi wabaki. Na Zanzibar wana mahakama zao za kadhi kwa sheria ya 1985, ikafanywa upya 2017.

KARANI: Pwani. Mombasa. Unguja. Huku bondeni nani aliwahi kuwa na kadhi wa sultani? Sisi hatuna cha kurudishiwa. Tukitaka, tunaanza upya.

Hili la Karani lilinisumbua, na bado linanisumbua. Wanaodai mahakama ya kadhi Tanzania Bara huzungumza kana kwamba wanadai kilichoporwa. Tanga, Bagamoyo, Kilwa, madai hayo yana mashiko. Ifakara mambo ni tofauti: Uislamu ulikuja hapa na cheo cha kukopwa ukachukiwa, kisha ukaja na mwalimu ukapendwa. Sheikh wa mtaa huku ana nguvu kwa sababu anatiiwa, na anatiiwa kwa sababu watu wanamjua. Ukimpa mhuri wa serikali utamwongezea nguvu, sina shaka. Utamwongezea pia wa kumwamrisha.

SHANGAZI: Mmemaliza?

Tulinyamaza wote.

SHANGAZI: Nyote mnagombea kiti. Abu Hanifa kakikataa, mwenzake kakikalia, Mjerumani kakiiba, Nyerere kakifuta. Mimi nauliza shamba. Maalim, umenipa ekari moja, na mimi siikatai, ni ya Mungu. Lakini zile nane zilikuwa zake yeye peke yake? Yeye alifyeka. Nani alipandikiza? Nani alipalilia miaka kumi na tisa, maji magotini, mtoto mgongoni? Trekta la kwanza tulikodi kwa fedha gani? Niliuza mchele sokoni gunia kwa gunia. Mbona hesabu inaanza alipokufa yeye, haianzi nilipoingia shambani mimi?

MWANAFUNZI: Shangazi, Mahakama ya Rufani ilishalijibu mwaka 1983. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Nyalali alisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na wale walikuwa Waislamu.

KARANI: Ile ilikuwa talaka, si mirathi. Na Bi Hawa mwenyewe mwishowe hakupata kitu, kwa sababu mahakama ilimwona alikwishapewa fedha na mumewe akazitumia ovyo. Jina lake limewafaa wengine kuliko lilivyomfaa yeye. Niliandika nakala ya hukumu ile kwa mkono, mashine ya chapa ilikuwa mbovu.

MAALIM: Nisikilizeni, hapa hatuhitaji Dar es Salaam. Hili ni la kwetu. Mali ya mke ni ya mke. Katika fiqhi hakuna kitu kinachoitwa mali ya mume inayomeza ya mke. Haikuwepo hata siku moja. Kabla ya kugawa mirathi unatoa gharama za maziko, unalipa madeni, unatoa wasia, na kabla ya hayo yote unamrudishia kila mtu kilicho chake, kwa sababu si mali ya marehemu. Ikiwa nusu ya shamba ilinunuliwa kwa fedha ya huyu mama, basi nusu hiyo haimo katika mirathi kabisa. Ekari nne zake. Thumni inatoka katika nne zinazobaki.

SHANGAZI: Mbona siku ya arobaini hukusema?

Sijawahi kumwona Maalim akitazama chini. Siku ile alitazama.

MAALIM: Sikuuliza. Na ukoo haukusema. Niliambiwa ekari nane za marehemu, nikagawa ekari nane za marehemu.

KARANI: Na ungeuliza, ungethibitishaje?

MAALIM: Kwa shahidi, kwa maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya Sura ya Baqara, inahusu nini? Si vita, si ukhalifa. Inahusu kuandikiana deni, na mwandishi, na mashahidi. Tunaisoma kila Ramadhani tunapita.

Kijana wa watu alitaka kuturudisha kwenye mambo makubwa. Alisema ukhalifa wenyewe ulifutwa Ankara tarehe 3 Machi 1924, na mwaka uliofuata Ali Abdel Raziq wa al-Azhar akaandika kwamba Uislamu haukuweka umbo moja la serikali, wakamvua uanazuoni kwa hilo. Hoja yake ni nzito, na siku nyingine ningeifuata. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshaona ninachotaka kukisema, na sitaki kukificha nyuma ya sauti za wengine.

Naamini hatuhitaji kadhi wa kuteuliwa na serikali katika bonde hili. Naamini pia kwamba kumwacha mjane na fat'wa mkononi, bila mtu wa kuikazia, ni dhuluma, na kuiita dhuluma hiyo uhuru wa dini hakumsaidii kitu. Vipande viwili vya kadhi tunavyo. Elimu iko kwa Maalim. Mkono uko kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, kwa sheria ya Kiislamu ambayo nchi imeikubali tangu 1961. Vinakaa mwendo wa baiskeli dakika kumi, na haviandikiani. Karani alikuja kumuuliza Maalim miaka ile kwa sababu walikuwa majirani. Hakuna kanuni iliyomtuma. Hakimu atakayehamishiwa hapa mwakani hana jirani huyo. Ninachokidai, na nitakidai kokote, ni kwamba maoni ya mwenye elimu yaingie katika jalada kwa maandishi, yakiwa na jina lake, kila mirathi ya Mwislamu inapofunguliwa, na hakimu awajibike kueleza akiyaacha kwa nini ameyaacha. Hapo serikali haijamteua Maalim, haimlipi, haiwezi kumfukuza. Na mtoto mkubwa mwenye trekta hawezi tena kusema "sawa Maalim" kisha akaenda kulima.

KARANI: Hilo hata bila Bunge linawezekana. Shahidi ni shahidi. Aje tu aapishwe.

MAALIM: Niapishwe na nani, mimi na umri huu?

KARANI: Na Kurani. Ipo mezani kwa hakimu, niliinunua mimi, ile ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Udzungwa. Shangazi aliweka ungo chini, akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa mpaka zimekatika mikunjoni. Moja muhtasari wa kikao cha ukoo. Nyingine ile hesabu ya Maalim, kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja: ekari nane, thumni, mafungu saba.

Karani aliomba kalamu. Mwanafunzi alimpa. Aliigeuza karatasi ya Maalim, akailaza juu ya goti, akaanza kumuuliza shangazi taratibu, kama alivyokuwa akiwauliza watu kwa miaka yote ile: mlianza kulima mwaka gani? Shamba mlilipata kwa nani? Fedha ya kwanza ilitoka wapi? Magunia mangapi uliuza, na nani alikuwa sokoni siku hiyo? Shangazi alijibu bila kusita, mwaka kwa mwaka, trekta kwa trekta, na kila alipotaja jina la mtu aliye hai Karani alilipigia mstari. Maalim alikuwa ameinama, akisoma maandishi yanavyokuja, na mara moja alimshika mkono Karani asahihishe: alikuwa ameandika "mali ya marehemu" mahali ambapo shangazi alikuwa amesema "yetu".

Ukurasa ulipojaa, adhana ilikuwa imeanza. Shangazi aliukunja, akaurudisha kwenye fundo.

"Sahihi za kikao zinahitajika sita," alisema. "Ninazo tano. Kesho hakimu anaingia saa mbili au saa tatu?"